Mzima Namba Moja

Wifi yangu ni profesa. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye huanza na hilo. Ukimpigia simu kumwambia bomba limepasuka nyumbani kwa kaka yake, atapokea: "Profesa hapa, nani mwenzangu?" Na namba yangu anayo, ameiandika "Wifi" kwenye simu yake, nimeiona kwa macho yangu. Ila lazima kwanza nijue nazungumza na nani.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya vichwa vya watu nikisikiliza na kusema, kwa hiyo nitasimulia kama ninavyosimulia saluni, maana namna nyingine siijui. Mume wangu ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Anauza vipuri vya baiskeli na ni mtu asiye na maneno. Maneno yote ya ukoo ule alipewa dada.

Mwanzoni alisomea udaktari, akataka kuwa mpasuaji. Siku ya kwanza kuingizwa chumba cha upasuaji akaona damu inachuruzika, akaenda chini puu! Wakamwacha mgonjwa kidogo wamshughulikie yeye. Hilo halimo kwenye wasifu wake, lakini marehemu mama mkwe alinisimulia mwenyewe, huku amejishika mbavu kwa kucheka. Tangu hapo wifi akaamua kwamba damu ataitazama ikiwa imetulia ndani ya kichupa, imefungwa kizibo. Ndivyo alivyoingia kwenye mambo ya vinasaba. Kwa sisi tusiosoma sana, hayo ni maandishi yaliyomo ndani ya mwili wa kila mtu, yanayoamua mtoto atoke na pua ya nani na miguu ya nani. Wifi alikuwa anatafuta humo herufi iliyokosewa, ile inayofanya mtoto azaliwe na tundu kwenye ukuta wa moyo.

Kazi yenyewe siicheki. Watoto wale nimewaona kwenye korido ya kliniki yake, wanachoka kunyonya kama watu wazima wanaopanda mlima. Anayewahangaikia hao Mungu ambariki. Ninayemcheka ni yeye.

Alifuga samaki, wadogo kama pini, miili yao inapitisha mwanga, ukiwaweka chini ya darubini unauona moyo ukidunda. Akiwazungumzia anasema "wanangu". Sikukuu za kuzaliwa za wanangu mimi hakuwahi kukumbuka hata moja, lakini samaki alijua kila mmoja babu yake nani. Mezani kwetu, mkono umeshika tonge, anakueleza jinsi samaki namba fulani alivyokufa asubuhi na moyo wake ulivyokuwa umekunjika. Mume wangu anaitikia "Pole, dada," na kuendelea kula.

Sasa, ukitafuta kosa kwa mgonjwa, lazima uwe na watu wazima, yaani wasioumwa, wa kulinganisha nao. Herufi ukiikuta kwa mgonjwa na kwa mzima pia, basi hiyo haina hatia, unaifuta. Na wazima ndio shida. Mtu asiyeumwa kitu atoe damu yake kwa nini? Watu walimkimbia wifi na sindano zake kama wanavyokimbiwa wakusanya michango. Basi akafanya wanavyofanya wenzake wote wa maabara wakikwama: akakunja mkono wa blauzi, akajitoa damu mwenyewe. Kisha akaja dukani kwa kaka yake akamtoa na yeye, kati ya mnyororo na pedeli. Vichupa vyao vikaandikwa Mzima Namba Moja na Mzima Namba Mbili. Pale chuoni kwao jina likamganda. Mpaka wafagizi: "Mzima Namba Moja kashafika?" Na yeye anafurahi, jamani! Analibeba kama taji.

Kuna mwaka alikuja kwetu amevimba kwa hasira. Herufi moja ilikuwa imemchezea. Aliikuta kwa watoto wagonjwa wa nyumba nne tofauti, akadhani ameipata, akakaribia kuandika kwa wenzake wa ng'ambo, kumbe ilikuwepo pia kwa Mzima Namba Moja na Namba Mbili.

"Nimeifuta," alisema. "Miezi yangu yote imekwenda na maji."

"Pole, dada," mume wangu akasema.

Mimi nilimwongeza mchuzi. Ningejua nini mimi?

Akaendelea kutafuta kwingine. Miaka ikaenda, nywele zikaota mvi, nikawa nazipaka rangi mimi, bure, huku nikisomewa somo. Uprofesa akaupata kwa sababu alichapisha sana kuhusu mahali ambapo kosa halipo.

Na ukoo mzima ukawa kliniki yake. Mtu hakuletwa nyumbani akapokewa tu kama binadamu. Wifi alimtazama masikio yamekaa juu au chini, macho yameachana kiasi gani, shingo ina ngozi ya ziada au haina. Mpwa wake mmoja aliacha kabisa kuleta wachumba. "Shangazi anawakagua kama mbuzi wa mnadani," alisema, na hakukosea.

Binti yangu wa kwanza alipochumbiwa, wakwe walikuja kwetu na heshima zao. Mama wa kijana ni mwokaji mikate, mwanamke wa mikono mipana, sauti yake ikitoka jikoni inafika barabarani. Wifi alimpa mkono kumsalimu, halafu hakuuachia. Aliugeuza, akavitazama vidole kimoja kimoja, akakifikia kidole gumba cha kulia ambacho kimepinda kwa nje. Akakiminya.

"Umezaliwa nacho hivi?" akauliza, hata "karibu" hajasema.

Mama wa watu akadhani ni utani wa ukweni. "Nimezaliwa navyo vyote kumi," akajibu, watu wakacheka, sebule ikachangamka. Wifi hakucheka. Niliona kitu kimeingia kichwani mwake na kufunga mlango nyuma yake. Baadaye ndipo nikajua: ziko familia ambazo mkono na moyo huharibika pamoja, kidole gumba kikipinda, moyo nao una walakini. Yeye alikuwa ameshasoma, akaacha kuuliza.

Wakaoana, wakapata mtoto wa kiume. Mjukuu wangu, ua langu. Akawa hanenepi. Ananyonya kidogo, analala, jasho linamtiririka kwenye paji. Kumpeleka kupimwa, ana tundu kwenye moyo, tena si dogo. Daktari wa watoto alitutuliza vizuri: ukifika wakati ataliziba, watoto wengi hupona wakacheza mpira. Tungeondoka pale na machozi yetu na matumaini yetu, pande zote mbili, tumeshikana mikono. Lakini wifi alikuwepo.

Alisimama katikati ya korido, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akatangaza: "Nataka ieleweke. Hili halikutoka kwetu. Damu yetu naijua, nimeisoma miaka na miaka, ndiyo kipimo tunachopimia wengine. Mwangalieni bibi yake huyu kidole gumba, mtajua limetoka wapi."

Loo! Ulimi hauna mfupa, lakini wa wifi siku ile ulikuwa na meno. Mama mwokaji akautazama mkono wake kama vile amebandikwa sasa hivi. "Kidole changu?" akasema. "Kidole changu kilibanwa na mlango wa gari la mikate. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, napakia mikate ya baba yangu."

"Wengi husema hivyo," wifi akajibu.

Wengi husema hivyo! Mtu anakuambia ajali yake, unamwambia hajui alivyozaliwa.

Ugomvi uliofuata siusimulii wote. Kijana akasema shangazi amwombe mama yake radhi. Binti yangu, mtoto mjinga, anayemwamini shangazi yake kuliko kitabu, akasema profesa hawezi kuomba radhi kwa ukweli. Neno likazaa neno, na jioni moja binti yangu akaingia kwangu na mtoto mgongoni na begi mkononi. Kijana akawa anakuja kila Jumapili, anasimama getini maana ameapa kutoingia mpaka mama yake asafishwe jina, anapokezwa mwanawe kupitia pale pale, anambeba, anamnusa shingo, anamrudisha. Majirani wanatazama. Mtoto akaanza kujua sauti ya geti, akiisikia ananyoosha mikono. Mimi namwona binti yangu nyuma ya pazia, analia bila sauti. Ndoa inaoza mbele yangu hivihivi, na wifi anakuja kula na kusema, "Afadhali tumejua mapema."

Nilimwomba. Nilimwambia, "Wifi yangu, nenda tu useme samahani, hata kama una haki. Hawa watoto wanapendana."

Akanijibu, "Sayansi haiombi samahani, wifi."

Nikaapa kutompaka tena rangi, na mvi zake zikaanza kutoka nje kuchungulia.

Basi, chuo chao kikaletewa mashine mpya ya altrasaundi ya kuangalia moyo. Wakafanya shughuli: viti vimevalishwa vitambaa, kamera, wageni wa heshima, kioo kikubwa ukutani ili kila mtu aone. Tukaalikwa na sisi familia, tukakaa mstari wa pili, mimi, mume wangu na binti yetu na mtoto wake mapajani. Mkurugenzi wao, bwana mmoja mwenye kitambi na sauti ya kuhutubia, akasema kabla ya wagonjwa tuone kwanza moyo usio na kasoro ulivyo. "Na tutampata wapi mwingine? Mzima Namba Moja!" Watu wakapiga makofi. Wifi akapanda kitandani akitabasamu, pazia likavutwa kumstahi, sisi tukabaki na kioo.

Dada wa mashine akampaka jeli, akaweka kile kichwa cha mashine kifuani. Moyo ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango, unadunda. Mkurugenzi akashika kijiti cha kuonyeshea. Alikuwa amewageukia wageni, kioo kiko mgongoni kwake.

"Mnaona wenyewe," akasema, "ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Ukuta kamili! Hakuna hata tone linalovuka."

Pale pale nyuma yake, rangi nyekundu ikavuka. Tukaiona wote. Inachirizika kutoka chumba hiki kwenda kile, kila pigo, kama bomba lililotoboka. Dada wa mashine akasogeza kichwa cha mashine, akakiinamisha, akakirudisha. Rangi ikavuka tena. Binti yangu akanishika mkono. Ni picha ile ile tuliyoonyeshwa ya mtoto wake, tofauti ni ukubwa.

"Huu ndio moyo wa mfano," mkurugenzi akaendelea, na kijiti chake kikagusa tundu lenyewe.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya wifi, ndogo, sijawahi kuisikia: "Zima."

Kwanza wakailaumu mashine. Ni mpya, imetikiswa njiani, haijazoea umeme wetu. Mkurugenzi akajitolea kwa ujasiri mkubwa, akalala yeye na kitambi chake, na moyo wake ukatokea safi, ukuta mzima kabisa. Nilicheka mpaka mgeni wa heshima akageuka. Mganga hajigangi nimesikia, lakini huyu hakuwahi hata kujigusa! Baadaye wifi alimwambia kaka yake kwamba walipokuwa wanafunzi, wakijifunza kusikilizana vifua, mwenzake mmoja alimwambia, "Wewe moyo wako una mvumo." Naye akamwambia akasafishe masikio. Tangu siku ile hakumpa mtu kifua chake akisikilize. Nani angethubutu kumsikiliza profesa wa mioyo?

Wakampima na mume wangu, naye analo, dogo. Mtu niliyemwita mvivu miaka yote kwa kupumzika katikati ya ngazi, sasa ana cheti cha daktari. Amekitundika dukani. Binti yetu damu yake ilipopimwa wakamkuta na herufi moja na baba yake na shangazi yake, na tundu ambalo kwake lilikuwa kama ncha ya sindano. Ndiyo ile ile herufi aliyoifuta wifi. Nyumba nne za wagonjwa na yetu ya tano. Alikuwa nayo mkononi, akaitupa kwa sababu Mzima Namba Moja alikuwa nayo, na kwamba Mzima Namba Moja ni mzima, shahidi alikuwa ni Mzima Namba Moja mwenyewe.

Wifi alikuja kwangu saluni jioni ya siku majibu yalipotoka. Nilidhani amekuja kulia, nikaandaa bega. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Wifi, unajua hii ni makala kubwa kiasi gani?"

Weee! Damu ilinipanda. Nilikuwa na kitana mkononi, nikakitupa chini.

"Makala?" nikasema. "Makala, wifi? Umemvunjia mtoto wangu nyumba kwa kidole kilichobanwa na mlango! Mjukuu wangu anapokezwa getini kama kifurushi! Halafu unaniletea makala?"

Wifi akakaa kwenye kiti cha wateja, akajiona kwenye kioo, mvi na yote.

"Nitawaandikia," akasema. "Nitaambatisha na mchoro wa ukoo."

"Hutaandika. Ulisema kwa mdomo mbele za watu, utakwenda kwa mdomo huo huo mbele za watu."

"Niseme nini?"

"Profesa ni wewe."

Tulikwenda asubuhi, wakati mikate inakandwa, maana nilitaka watu wawepo. Walikuwepo: wafanyakazi wawili, mwanawe anapanga trei, na mama mwokaji mwenyewe mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko. Alituona. Hakuacha kukanda.

Wifi akakohoa. "Kutokana na uchunguzi wa hivi karibuni, kuna uwezekano mkubwa kitakwimu kwamba—"

"Sema kama mtu," mama mwokaji akasema.

Wifi akafungua mkoba akatoa ile mipira ya kusikilizia moyo, stetoskopu yake, mpya kabisa, naapa hajawahi kuitumia tangu anunue. Akaenda mpaka mezani. Mama mwokaji akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Wifi akamvalisha masikioni, ile sahani ya chini akaibana kifuani kwake mwenyewe, juu ya blauzi yake ya mikutanoni.

"Sikiliza."

Mama mwokaji akainamisha kichwa. Mashine ya kuchanganyia unga wakaizima. Akasikiliza muda, midomo imebana.

"Unadunda," akasema. "Na katikati kama kuna upepo unapita."

"Ni huo upepo," wifi akasema. "Nimezaliwa nao. Kaka yangu anao. Binti yetu ameupata kwetu, mtoto ameupata kwa mama yake. Haukutoka kwako. Kwako hakikutoka kitu kibaya. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mama."

Kijana aliweka trei chini. Mimi machozi yalinitoka, sikujali, hata kama nilikuwa nimekuja kufurahia aibu yake.

"Na kidole changu?" mama mwokaji akauliza.

"Kidole chako kilibanwa na mlango."

"Mlango wa nini? Hawa hawakusikia."

"Mlango wa gari la mikate," wifi akasema kwa sauti. Mfanyakazi mmoja akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Mama mwokaji akaivua ile mipira, akamwambia mwanawe, "Unangoja nini? Kamlete mkeo na mjukuu wangu." Kijana hakuvua hata aproni. Tulimsikia anakimbia, unga unapukutika ngazini.

Wifi akapumua, akanyoosha mkono kudai stetoskopu yake. Mama mwokaji akaushika ule mkono, na hakuuachia. Akaugeuza juu chini. Akavitazama vidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo mpaka gumba, akakiminya.

"Umezaliwa navyo hivi?" akauliza.

"Ndiyo," wifi akasema, kichwa chini.

"Vizuri sana. Laini. Inaonyesha havijawahi kukanda kitu." Akamsukumia beseni la unga. "Nawa mikono, profesa. Mjukuu wetu anakuja, na mikate haijajikanda."

Akanawa. Akakunja mkono wa blauzi, kama siku ile alipojitoa damu, na akakanda mpaka akahema, akapumzika, akakanda tena. Hakuna aliyemwita mvivu.